Maji ni ya Wenyeji

Jumatatu, 7 Oktoba

Nimefungua bomba saa kumi na mbili. Maji yanatoka kama uzi. Foleni imefika kwenye mikorosho. Ufunguo wa bomba ninao mimi, mwaka wa pili sasa, na hapa Lionja, Nachingwea, kila mtu ananisalimia vizuri.

Yule mwanamke wa Msumbiji, Zainabu, amekuja tena na binti yake. Wamekimbia vita, wanalala kwenye ghala bovu la korosho. Leo aliwahi. Nikaisukuma ndoo yake nyuma kwa mguu. Mwenyekiti wa kitongoji alisema wenyeji kwanza. Hakusema kwa mguu. Hilo niliongeza mwenyewe.

Alhamisi, 10 Oktoba

Deo kapiga simu. Mwanangu ni mwanajeshi, yuko hukohuko Msumbiji kulinda amani. Nikamuuliza nchi maskini kama yetu itaweza nini kwenye vita vya watu.

"Mama, sisi hatuna vifaa vya kutisha. Tunakaa na wanakijiji. Tunaongea nao Kimakonde, tunawasindikiza kuchota maji. Wakituzoea, wanatuambia adui kapita wapi."

Akisema kwao ni Nachingwea, wazee wa kule wanamshika mkono. Walikaa huku zamani wakipigania uhuru wao, wakala ugali wetu.

Akauliza kama kuna waliokimbilia kwetu. Nikasema wapo, tunawatunza. Sikuona aibu.

Ijumaa, 11 Oktoba

Nimeisimulia foleni nzima habari za Deo. Nilijiona mkubwa. Zainabu akauliza yuko wilaya gani. Nikamtajia.

"Ndiko kwetu, mama," akasema. "Mungu amlinde."

Ilipofika zamu yake nikafunga kufuli. Maji yalikuwapo bado. Nilifunga kwa sababu naweza.

Jumatatu, 14 Oktoba

Zainabu na wenzake wamechimba shimo korongoni, wanakunywa humo. Binti yake anahara na kutapika tangu juzi. Jirani yangu, mama Sofi, kaniomba niwafungulie hata dumu moja. Nikamwambia nikianza na mmoja watakuja wote.

Alasiri wamempakia mtoto kwenye bodaboda kumpeleka hospitali ya Mnero. Kichwa kinaning'inia.

Jumanne, 15 Oktoba

Hakufika. Alikuwa anaitwa Atija. Jina nimelijua leo, makaburini.

Watu wachache. Mwenyekiti hakuja. Nilisimama nyuma. Walipomaliza kufukia, Zainabu akanifuata. Nilitaka anitukane.

"Mama Deo, mwanao akishikwa na kiu kule, dada zangu watampa maji. Usiwe na wasiwasi."

Akaondoka. Namchukia. Angenizaba kibao ningepumua.

Alhamisi, 17 Oktoba

Nimerudisha ufunguo kwa mwenyekiti. Akauliza kulikoni. Nikasema mgongo. Akasema pole, umefanya kazi nzuri.

Jumapili, 20 Oktoba

Ghala tupu. Mama Sofi anasema wamekwenda Chinongwe, Ruangwa, kuokota korosho za watu. Nilikuwa nimewabebea unga. Nimerudi nao.

Deo kapiga. Sauti yake imechoka. Wenzake wawili wanaumwa homa, yeye mzima. Akauliza wageni wetu wanaendeleaje.

"Wamehama," nikasema.

"Salama?"

"Salama."

Akasema asante, mama. Kengele ya misa ya pili ikalia. Sikwenda. Nimekaa jikoni nachambua mchele.