Matundu Matatu ya Kakuma

Jumatatu, 12 Novemba 2012. Lodwar

Nimefungua duka, nimefagia. Vumbi limerudi kabla sijaweka ufagio chini. Nimemkatia mabati mteja aliyenung'unika tangu kuingia hadi kutoka. Kipchumba kaja saa nne akinuka chang'aa, akaketi juu ya magunia ya simiti, akaniambia nimepanga misumari vibaya. Kaka mkubwa huyo. Siku za wiki namchukia, Jumapili namwombea.

Jioni baada ya maombi Baba akasema duka jipya la Kakuma litakuwa langu mwaka ukianza. Langu la kuendesha, si la kusaidia. Kipchumba akaacha kutafuna. Mama akasema amina. Mimi nikaomba niongezwe ugali ili nipate kuinamisha uso.

Miaka yote hii nimebeba duka la Lodwar mgongoni. Mwenye kustahili ni mimi. Naandika hapa kwa sababu hakuna mwingine atakayelisema.

Alhamisi, 15 Novemba. Kakuma

Nimekuja na lori la simiti. Jua la hapa halina adabu.

Bwana mmoja wa shirika la kambi ya wakimbizi, beji shingoni, kaingia, kanipita, kamwendea mpakuzi wa lori. Mwenye duka yuko wapi? Mpakuzi akanionyesha kwa kidole. Bwana akacheka, akasema si binti huyu, atarudi mwenyewe akiwepo. Akaja wa pili, yale yale. Nikatoka nje kabla sijamtupia mtu nyundo.

Akiru, mama anayeuza makaa mbele ya mlango wetu, alikuwa akimtoga binti masikio. Si kwenye ndewe, pale chini tunapotogwa sote. Juu, kwenye ukingo, penye ugumu. Binti hakupepesa jicho. Alipoinuka nikaketi mimi kwenye debe.

"Nyinyi watu ya Kenya mnalia," Akiru akasema. Huku Kenya ni kule tulikotoka sisi, ng'ambo ya Kainuk, mpakani mwa Turkana.

"Toboa," nikamwambia.

Sindano ya gunia iliyopitishwa motoni. Sauti ilitangulia maumivu, sauti ya kitu kikavu kinachovunjika ndani ya kichwa. Mara tatu, sikio la kushoto, tundu moja juu ya jingine. Vipete vya waya wa alumini, samli kidogo, basi. Sikulia. Nilitukana kwa Kinandi, na Akiru alifurahi sana.

Sijui kwa nini nimefanya hivi. Sijutii.

Ijumaa, 16 Novemba. Lodwar

Mama kaona kwanza, kashika kifua. Kipchumba kacheka hadi kakohoa. Baba alingoja sahani ziondolewe.

"Toa."

Nikasema mashimo ni mabichi, nikitoa yataziba.

"Ndiyo nataka yazibe. Sikio halipiti kichwa, Chebet. Kichwa cha nyumba hii ni mimi."

Akaingia kulala. Na yeye ndiye wa kusema! Ana makovu mawili, moja chini ya kila sikio, manene kama mshono wa gunia. Kila Mnandi mwenye macho anajua ni nini. Alitogwa ndewe akiwa mtoto kama wenzake wote wa zamani, zikavutwa zikaning'inia, halafu zikakatwa na kushonwa. Wapi, lini, na nani, nyumbani hatuulizi. Kofia yake anaivaa hadi mezani.

Sitoi.

Jumapili, 18 Novemba

Kanisani nimekaa benchi peke yangu. Mke wa mchungaji kanipa leso ya kichwa, eti kuna upepo. Hakukuwa na upepo. Kipchumba kalala wakati wa mahubiri na kukoroma kwa sauti, lakini masikio yake ni safi, kwa hiyo hakuna aliyemwona.

Jumatano, 28 Novemba

Sikio limevimba kama andazi. Homa. Siwezi kulalia upande ule. Zahanati wamenichoma sindano na kutoa kipete cha juu, tundu lile wamesema life. Vimebaki viwili. Daktari kijana kaniuliza kama mtu mwenye akili timamu hufanya hivi. Nikamwambia achome sindano yake anyamaze.

Nilipofika dukani Baba akatangaza mbele ya dereva wa lori kwamba Kakuma anakwenda Kipchumba. Hakunitazama. Alisema kama mtu anayetaja aina ya rangi.

Kipchumba, ambaye hajui misumari ya mabati ni ipi na ya mbao ni ipi. Kwa ajili ya nyaya mbili. Namchukia Baba. Nimeliandika na sitalifuta.

Jumamosi, 8 Desemba

Baba kaalika wazee wa kanisa nyumbani. Niliambiwa ni maombi ya kufunga mwaka. Nilipoleta chai nikaambiwa niketi katikati. Maombi yalikuwa yangu.

Wakanena kwa zamu. Mzee wa mwisho akasema katika ukoo wetu tangu tuokoke hakujawahi kuonekana sikio la namna hii. Baba akaitikia kwa kichwa. Ni kile kichwa ndicho kilichonichoma.

"Muulizeni Baba masikio yake yalishonwa wapi," nikasema.

Hakuna aliyegusa kikombe. Baba akashusha kofia taratibu kwa mikono miwili, mpaka ikafunika makovu. Akainuka, akaenda uani.

Nilifurahi. Nilifurahi kwa muda wa chai kupoa.

Jumapili, 9 Desemba

Baba hakwenda kanisani. Tangu nizaliwe sijaona.

Mama kanipiga kofi, upande wa sikio zima, nashukuru. "Umemvua nguo mbele ya watu," akasema. "Sasa uko radhi?"

Siko radhi. Lakini pia sitaomba msamaha kwa kusema lililo usoni pake kila siku. Ningeomba, angenidharau zaidi. Namjua.

Jumanne, 25 Desemba

Krismasi. Tumekula mbuzi. Kila mmoja kaongea na mbuzi wake.

Jumanne, 8 Januari 2013

Habari za Kakuma. Kipchumba kaacha simiti nje usiku, kaenda mjini Loki na marafiki. Mvua, ambayo huku huisubiri hadi uzeeke, ikaamua kunyesha usiku huohuo. Magunia yamekuwa mawe.

Nilicheka peke yangu stoo. Halafu nikalia, maana ile simiti niliichagua mimi.

Jumamosi, 19 Januari. Kakuma

Baba kasema, "Ingia garini." Hayo tu, Lodwar hadi hapa. Kipchumba hayupo. Nimeshinda nikipiga magunia kwa nyundo, nikitenga unga na mawe.

Akiru akaingia na salamu zake. "Ejok." Baba akaitika, "Ejok-noi." Amekaa huku tangu ujana wake wa uaskari jela, Kiturkana chake kinapita changu mbali. Joto lilikuwa limemvua kofia. Akiru akamsogelea, akamtazama sikio kama anavyotazama gunia la makaa, bila aibu yoyote.

"Mzee, hii nani alifunga?"

Nikaizuia nyundo isigonge. Nikajua Baba atamfukuza.

Akamjibu. Kwa Kiturkana, polepole, na nusu yake niliielewa. Kwamba alikwenda kutafuta kazi, vijana wa mjini kwenye foleni wakamcheka masikio, wakayavuta. Kwamba alimtafuta mtu wa zahanati akashonwa wiki ileile. Kwamba alirudi kwao na yunifomu mpya, na mama yake alikuwa na kibuyu cha mursik mkononi, maziwa ya kumkaribisha, akamtazama, akampa mgeni aliyekuwa nyuma yake. Akasema mwanangu alikuwa na masikio. Mama huyo alikufa kabla hajampa tena.

Akiru akasema pole, akaomba misumari kidogo ya kibanda chake, akapewa.

Hakuniambia mimi. Mimi mwanawe, niliyetukanwa na kuombewa na kunyang'anywa duka. Kamwambia muuza makaa. Nina hasira, na sijui tena ni kwa nani.

Ijumaa, 25 Januari. Kakuma

Baba kanipigia simu. Kipchumba abaki Lodwar, chini ya macho yake. Mimi nibaki hapa. Kuhusu sikio hakusema. Nikasema ndiyo Baba. Kuhusu lile la Desemba nami sikusema.

Jumapili, 3 Februari. Kakuma

Baba kafika na lori baada ya ibada. Nilikuwa mezani na chai. Akavuta kiti, akaketi kushotoni kwangu, upande wa vipete, mahali penye kivuli. Akakaa kidogo. Akainuka, akakibeba kiti, akazunguka meza, akaketi kulia, kwenye jua.

Nikammiminia chai. Akauliza mabati yanakwendaje, nikamweleza. Akasema wa kambini wanapenda ya geji nyepesi, nilete zaidi. Akasema Mama anasalimu. Jua lilimpiga usoni lakini hakusogea.

Tuliongea mpaka birika likaisha. Muda wote ule sikugeuza kichwa.