Mche Ambao Jembe Liliukwepa

Mpendwa Shangazi wa gazetini, naomba msaada, na ukitaka kucheka cheka, ila unisikilize hadi mwisho. Mimi na mume wangu ni wakulima wa kahawa, shamba alituachia mama mkwe, Mungu amrehemu, likiwa na miti mikubwa ya kivuli katikati ya mibuni, imejaa nyuki na ndege wa kila namna, halafu mume wangu akasikia watu wakisema kahawa inayopigwa jua inazaa zaidi, akaikata miti yote ya kivuli kwa mkono wake, na kweli kahawa ikazaa, Shangazi, tukaezeka mabati mapya. Lakini jua la siku hizi si lile tulilolizoea, mvua inakuja inapojisikia, maua yananyauka kabla hayajafunga tunda, nyuki wamehama, wadudu wanatoboa buni kwa raha zao kwa kuwa ndege waliokuwa wakiwala hawana pa kutua, na mume wangu, aliyekuwa akiimba wakati wa kuchuma, amenyamaza kabisa. Amesema msimu ukiisha anang'oa mibuni yote aende mjini kutafuta kibarua.

Basi nikaanza kupanda miche ya ile miti kwa siri, akiwa kwenye mikutano ya ushirika, maana nikimwambia tuirudishe atasikia "uliua shamba la mama yako," na moyo wake hauwezi kubeba hilo. Balaa likawa moja: kila akipalilia anaifyeka akidhani ni magugu, napanda tena, anafyeka tena, akirudi analalamika, "Mama watoto, gugu la safari hii sugu kweli," nami nachochea moto nimeinamisha uso. Juma lililopita nimekuta mche mmoja haujaguswa, umezungushiwa vijiti, umefunikwa jani la mgomba, na udongo wake umelowa. Si mimi niliyefanya hivyo. Tangu siku hiyo tunakula pamoja na hakuna anayeutaja mche huo. Nampenda, sitaki aondoke. Nifanyeje?

Mpanda Magugu

Mwanangu Mpanda Magugu,

Nimecheka, kisha nikatafuta leso. Watu wazima wawili mnafichana kwenye shamba lenu wenyewe! Hukusikia kwamba mficha uchi hazai? Unasema unamhurumia, lakini huruma yako imemwacha alie peke yake. Yeye naye ameyatambua majani ya mti wa mama yake, akashindwa kukuambia "nimekosa," akaufunika kwa jani la mgomba. Hiyo ndiyo barua yake kwako, ijibu.

Kesho asubuhi, jua halijawa kali, beba ndoo ya maji umwambie, "Baba watoto, nisindikize, kuna mche unataka maji." Akiuliza upi, nyamaza, atangulie yeye, njia anaijua. Neno "nilijua tu" liache nyumbani. Akilia, mwache alie.

Mkishatulia, pandeni kabla ya mvua, tena miti ya aina mbalimbali, nyuki na ndege nao wana uchaguzi wao. Kila mche ufunge kitambaa chekundu jembe liuone. Miti haikui kwa siku moja, kwa hiyo migomba iipe mibuni kivuli kwanza, na majani makavu mtandaze chini udongo usikauke. Mibuni asing'oe hata mmoja, mwambie Shangazi amekataa.

Na jembe chukueni moja tu. Achimbe yeye, wewe ushike mche.