Shikamoo ya Kusimama

Neema, mkwe wangu,

Siku hizi natembea kwa kushika ukuta. Mwanao ndiye ananinawisha, na nimemwambia amimine maji akiwa amesimama. Ananishangaa. Wewe ungenishangaa zaidi.

Uliporudi Mtinko kutoka hospitali, baada ya corona kukulaza na mashine ya kupumulia mpaka tukakata tamaa, ulikuwa umekonda lakini unacheka. "Shikamoo, mama," ulisema, umesimama. Sikuitikia. Nilikuwa nangoja goti.

Ukaendelea hivyo. Chakula uliniletea umesimama, hata mbele ya wifi zako. "Nyonga zimegoma, mama, hazikunjiki." Mimi, niliyefundisha watoto sayansi mpaka nikastaafu, nikasema corona imekuachia kiburi. Nikatuma maneno hayo mpaka kwa mama yako.

Halafu siku ile ya wageni nikakubonyeza bega kwa mkono wangu mwenyewe ili upige goti. Sauti uliyotoa bado naisikia. Ulianguka na jagi la maji, ukashindwa kuinuka, nami nikasema, "Mwacheni na maigizo yake."

Kifua kilipokurudisha hospitali, daktari alinionyesha picha. Mfupa ulikuwa umeota ndani ya nyama, nyonga zote mbili, mweupe, umeziba pale paja linapokunjikia. Alisema huwatokea baadhi ya waliolala mahututi muda mrefu. Nikaitikia kwa kichwa kama mtu aliyekuwa anajua. Nilipofika kitandani kwako ulikuwa husikii tena.

Na hilo silo linaloninyima usingizi. Msibani mama yako alikuja kutoka Iguguno, akapiga goti mbele yangu. "Mama, mtusamehe. Tulimfundisha, sijui alibadilikia wapi." Picha nilikuwa nimeshaiona, Neema. Nikajibu, "Yameisha." Nikamsamehe! Mimi! Akaondoka na aibu isiyo yake, na anayo mpaka leo.

Nimemwambia mume wako amlete mama yako Jumamosi. Sitaki kufa kabla. Nitapiga goti mbele yake, wifi zako wakiangalia, nimweleze habari ya mfupa na ya mkono wangu. Kuinuka najua sitaweza. Nimekataza mtu kunishika mpaka nimalize.

Pumzika. Na ile shikamoo ya siku uliyorudi: marahaba, mwanangu. Marahaba.

Mama mkwe wako