Dawa ya Pamba na Mikono Yangu

Kisorya

Mke wangu Bhoke,

Salamu za huku, ambako upepo wa ziwani umenivua kofia mara mbili. Leo wajomba waliniita kula sato, wakaanza tena: "Oa mwingine, huyo hazai." Nikaweka tonge chini. Nikawaambia daktari amenipima mimi, mbegu zangu ni chache, na huenda ni dawa ya kuulia wadudu wa pamba, maana nilikuwaga naichanganya kwa mikono mitupu, nikisifiwa kwamba siogopi. Mjomba mkubwa, aliyepulizia pamba dawa kwa bomba miaka mingi, akaitazama mikono yake.

Bhoke, nilijiona mwanaume kuliko siku zote. Lile kopo la dawa hiyo tunalochotea maji ya kunywa, litoboe. Na ukienda kisimani, usiinamishe kichwa tena.

Mumeo,
Chacha