Chumvi ya Mgeni

Jumatano, 8 Oktoba

Mkutano umekwisha. Nimegombana na kila aliyeshika kipaza sauti, na karibu wote walistahili. Sasa mapumziko. Tumepanga chumba juu ya duka la fundi viatu, katika mji mdogo wa barabara za mawe, huku ng'ambo. Kitanda kinalia ukijigeuza. Mume wangu anasema angalau kimepatikana kitu kinacholalamika kuliko mimi.

Asubuhi alifungua leso yake ya karafuu, akaivuta puani. Nikamwuliza kwa macho.

"Bado."

Tangu ile homa ya mwezi wa tatu, pua yake imekufa na ulimi umeifuata. Mpishi wa harusi ambaye watu walikuwa wakimwuliza yeye nafasi kwanza, ndipo wapange siku ya ndoa! Nyumbani tumesema mgongo unamsumbua. Hata mama yake haujui ukweli, anamletea dawa ya kuchua. Siku hizi napika mimi, na hajalalamika hata mara moja. Hilo ndilo linaloniliza.

Alhamisi, 9 Oktoba

Kumbe tumeangukia sikukuu ya supu! Jumapili kila mtaa hutoa sufuria lake, na masufuria huvalishwa nguo. Naapa. Nimeona kwa macho yangu sufuria limevaa sweta na kitambaa cha kichwa, bibi mmoja analifunga vifungo kama mjukuu anayekwenda shule.

Supu hupikwa bila chumvi. Chumvi hutiwa na mgeni, mbele ya watu wote, kwa sababu mgeni hana shangazi wa kumpendelea. Anaonja masufuria yote, anachagua moja, analitia chumvi mpaka ikolee, na hilo ndilo linaloliwa na mji mzima. Mengine hurudi nyumbani na sweta zao, kimyakimya.

Nilikuwa nayasikiliza haya kwa raha, jikoni kwa mama mwenye nyumba, mpaka kaka yake, mchinjaji mstaafu, alipotia neno: eti watu wa kwetu hujaza viungo ili kuficha nyama mbaya.

Ah! Historia ya viungo nimeisoma, nikampa yote, bila nukta wala mkato. Nikamalizia kwamba huyu mume wangu aliyekaa hapa, akionja supu yenu, atawaambia ng'ombe alikuwa akinywa maji ya kisima gani!

Mume wangu hajui lugha yao. Alikuwa anatabasamu na kutikisa kichwa, kama afanyavyo siku zote nikigombana. Mchinjaji akamtazama sana. Akaenda kabatini, akatoa kofia nyeupe ndefu ya mgeni wa chumvi, akamvisha. Jikoni kote makofi. Mume wangu akainuka, akainama kwa adabu, akaniuliza pembeni, "Wamenipa zawadi?"

Nikasema ndiyo.

Ijumaa, 10 Oktoba

Nimemwambia.

Alikuwa anaijaribu kofia mbele ya kioo. Akaivua, akaiweka kitandani taratibu, kama yai.

"Bi Kalamu" — jina hilo hulitumia akiwa na hasira tu — "kwa hiyo ulimshinda?"

"Nilimshinda."

"Hongera."

Akatoka bila koti, na nje baridi inakata masikio.

Amerudi jioni. Nikasema nitamwendea mama mwenye nyumba, nitamwambia mgongo. Hataki. "Nimechoka kuumwa mgongo. Usiniombee udhuru. Wewe si una ulimi? Miaka yote hii watu wananipa pole kwa ajili yake. Basi nao ufanye kazi."

Jumamosi, 11 Oktoba

Nimekuwa mwanafunzi! Darasa: mgahawa karibu na stendi. Vifaa: bakuli la supu ya vitunguu na kikopo cha chumvi.

"Haya, sema."

"Tamu."

"Tamu siyo jibu, ni uvivu. Inakugusa wapi?"

Mimi niliyemwandikia waziri kurasa nzima asipate pa kutokea, nikalirudia bakuli kama mtoto wa darasa la kwanza. Nikafumba macho, nikaonja tena. Nikasema inaanza vizuri mbele, halafu inapita tu, kama mtu anayekusalimia huku anatembea.

Akacheka! Sijamsikia akicheka hivyo tangu homa. "Hiyo imepungukiwa chumvi. Ongeza." Nikaongeza. Sasa imevuta kiti, nikasema, imekaa pembeni mwa ulimi. "Hapo hapo. Ikisimama na kuanza kukufokea, umezidisha. Itakuwa imekuwa wewe."

Mwenye mgahawa alitushangaa: watu wazima wawili, bakuli moja, tumeshikana mikono chini ya meza. Ndiyo alama yetu. Nikimminya kiganja, aongeze, nikikiachia, aache. Mahasimu wangu wamesema siku zote kwamba naongeza chumvi. Kesho watapata ushahidi.

Jumapili, 12 Oktoba

Naandika kwenye ngazi, uwanjani.

Tumeonja masufuria yote. Watu walidhani namtafsiria maneno ya wapishi, kumbe namtafsiria supu. Hii ina moshi. Hii imepikwa na mtu mwenye haraka. Kwa yule bibi wa vifungo nikamwambia vitunguu vimeyeyuka, havionekani ila vipo.

"Na mfupa?"

Upo, nikasema, ila kwa mbali, kama mtu anayeongea chumba cha pili. Akalishika sufuria hilo mkono wa sweta, kulichagua. Bibi akaficha uso kwenye aproni.

Kisha chumvi. Konzi ya kwanza, akakoroga. Nikaonja, nikamminya. Ya pili. Nikaonja, nikamminya tena, maana bado ilikuwa inasalimia na kupita. Mchinjaji mbele kabisa, mikono kaikunja kifuani.

Hapo mume wangu hakuongeza. Alichukua mwiko akaonja yeye mwenyewe. Hatukupatana hivyo! Akakaa nayo mdomoni. Akameza. Akaonja tena.

"Inatosha."

Nikamminya kwa nguvu. Nikamnong'oneza: haijatosha, Mzee, nakuapia. Akautoa mkono wake katika wangu, polepole, bila ukali.

"Waambie inatosha."

Sijui. Sijui kama ameisikia ile chumvi, au amechoka tu kushikwa mkono kama kipofu. Uso wake ulikuwa umeinamia mvuke. Ulimi wangu ulikuwa bado unadai konzi moja. Na hoja ninazo, zilikuwa zimeshajipanga mstari! Tena hakuna hata mmoja pale uwanjani ambaye angejua kama ningeligeuza neno lake.

Nikapanda juu ya benchi. Nikawaambia kwa lugha yao, kwa sauti yangu yote: mume wangu amesema inatosha.

Sasa wanagawa. Bakuli la kwanza limekwenda kwa mchinjaji. Ananusa. Anainua kijiko. Macho ya mji mzima yako kwake. Ya mume wangu hayako — amerudi kwenye sufuria, kajipakulia tone kwenye kiganja, analiramba peke yake, kafumba macho, na sasa anajipakulia jingine —