Ngoma ya Migongo

Irente, Lushoto
Jumapili, baada ya ibada

Mpendwa dada Yudith,

Shikamoo dada. U hali gani huko Muheza, na shemeji hajambo? Sisi huku tu wazima, ila baridi ya mwaka huu haina adabu. Mama analala na makoti mawili na bado analalamika. Viazi vimekubali, kabichi zimeliwa na wadudu.

Dada, nimegombana na Edgar, yule kijana anayewatembeza wageni. Alituomba akina mama tukacheze ngoma yetu kwenye tamasha la wageni Jumamosi ijayo, nasi tukamchezea aione. Hata wimbo haujaisha akatusimamisha. Alisema tunawapa wageni migongo, kwa hiyo tufungue duara, tugeuke, tutabasamu. Wenzangu wakanitazama, maana mimi ndiye ninayeanzisha wimbo. Nikamwambia haigeuzwi. Akauliza ni ngoma gani hiyo isiyotaka kutazamwa. Nilikasirika, lakini njiani nikagundua kwamba hata mimi sijui kwa nini hatugeuki.

Nikamwuliza mama, akaacha kupepeta maharage. Alisema ngoma hii haikuanza kwa furaha. Zamani mtoto akifa kabla ya kupewa jina hakuwekewa matanga, na mama yake alitakiwa arudi shambani kama vile hakuna lililotokea. Basi siku moja wanawake wakitoka kulima walimzunguka mwenzao aliyefiwa, nyuso ndani, migongo nje, wakapiga vigelegele ili wakwe wasisikie kilio chake. Wanaume wakadhani ni sherehe. Baadaye ndipo ikaanza kuchezwa kwa maharusi na kwa waliojifungua salama, lakini duara halikufunguliwa.

Nikakukumbuka wewe. Tangu umzike binti yako hujakanyaga nyumbani. Ulinieleza kwenye simu kwamba wakwe zako wamesema mtoto hakuwa na jina, hivyo hakuna msiba, na wewe ukaitikia tu. Dada, tangu siku ile sauti yako si yako. Inaniuma sana.

Sasa nikuambie nililofanya, na usinifokee. Nimewatangazia akina mama wote kwamba umeahidi kuja Jumamosi. Najua hukuahidi. Nimedanganya mchana kweupe, mbele ya mke wa mchungaji, ambaye naye anacheza. Mama ameshachambua maharage ya makande. Edgar tumemwambia atafute ngoma nyingine, kwa sababu siku hiyo tuna mtu wetu. Usipokuja, nitashuka Muheza nikuchukue mbele ya wakwe zako, na unajua sitanii.

Wasalimie wote huko, hata hao wakwe. Mama anakusalimu na anasema uje na sweta. Lile jina ulilotaka kumpa mtoto, ambalo hukumwambia mtu, utalisema ukiwa katikati yetu. Kwa vigelegele tutakavyopiga hatutalisikia, ila tutajua limesemwa.

Ni mimi mdogo wako mkaidi,
Modesta