Kalamu ya Wangeci

Jumapili, 5 Oktoba 2025
Leo kanisa limewaombea watahiniwa. Watoto wa shule mbele, kalamu juu, Pasta anazipaka mafuta. Nikamsukuma binti yangu Wangeci aende pia. Kwani mtihani wa uwakili si mtihani? Akakataa na kichwa, nikamsukuma tena. Akasimama pale, kalamu mkononi, mtu mzima kati ya yunifomu. Pasta akasema huyu ndiye wakili wetu, mwezi ujao anamaliza. Makofi! Mimi niliyeishia darasa la saba. Mtaa wote wa Mountain View sasa naitwa Mama Wakili, hata na anayeniletea nyanya za kuuza kibandani.

Wangeci hakula mchana. Amesema ni kichwa.

Jumanne, 7 Oktoba
Bado kitandani. Hajaoga. Kitabu kiko kifuani, ukurasa ule ule wa jana. Nimempikia mukimo na kuku — ameonja kwa heshima tu. Nikamwambia, Wakili, wewe ndiye kichwa cha hii nyumba, amka. Akageukia ukuta.

Nanyama, nesi tunayepakana naye, alimwona akaniita nje. Ati huo ni ugonjwa, dipreshen, na wanaosomea mitihani mikubwa wanaugua sana. Nikamwambia wangu hajawahi kushindwa na kitu. Akasema, "Mama Wakili, kwani malaria huuliza mtu amesoma wapi?" Nimemkasirikia. Chai yake nimekunywa lakini.

Alhamisi, 9 Oktoba
Nimemkuta amekaa sakafuni jikoni, ile kalamu ya kanisani mkononi. Nikauliza mbona hasomi. Akasema polepole, "Mum, wakiniita Wakili huko nje natamani kesho nisiamke."

Nisiamke. Nimesikia na masikio yangu.

Sikumwambia ajikaze. Nilikaa naye hapo chini mpaka maharagwe yakaungua. Kisha nikamwita Nanyama. Alimuuliza kila kitu waziwazi, bila kuogopa. Akasema asiachwe peke yake, akapiga simu: kesho asubuhi, daktari wa akili, Hurlingham.

Leo nalala naye kitanda kimoja, kama zamani. Kama niliweza kumsukuma mbele ya kanisa, Hurlingham si mbali.

Ijumaa, 10 Oktoba
Naandika kwa benchi ya kliniki. Kibanda nimefunga, watu wanunue sukuma wiki kwingine. Wangeci ameoga mwenyewe na kuvaa sweta yangu ya kijani.

Daktari Ochola, kijana mpole, alikaa naye kwanza, halafu akaniita. Anataka Wangeci aanze matibabu, na mtihani uahirishwe akikubali mwenyewe. Akamuuliza anaonaje. Wangeci hakumwangalia daktari. Aliniangalia mimi. Na kina mama wa kanisa tayari tumeshona vitenge vya sherehe, sare moja! Nikasema, "Wangeci, utakalosema ndilo langu."

Wangeci, nilisema, si Wakili. Ilitoka kama jina geni.

Akalia. Akasema uahirishwe.

Sasa tuko nje tunangoja dawa. Simu inaita: Mama Pasta. Najua anachotaka, Wakili aje Jumapili awekewe mikono. Nilitaka kuizima. Wangeci akasema, "Mum, mwambie tu."

"Nimwambie nini?"

"Kwamba naugua. Hivyo tu. Usiongeze chumvi."

Ati chumvi. Amenijua huyu mtoto. Ilikatika, sasa inaita tena. Kichwa chake kiko begani kwangu, hata kuandika ni shida. Napokea